Njuga za Sikandar

Mjini Lahore, zama zile picha zilipokuwa zikitembea bila kusema, wanawake wa tawa, wasioonwa na wanaume wa nje, walitengewa Jumatano mchana. Siku hiyo hakuna mwanamume aliyetia mguu kwenye jumba la sinema la Lango la Bhati, isipokuwa wawili. Wa kwanza ni fundi wa mtambo, aliyefungiwa kwenye kijumba chake kule nyuma, akaangikiwa shuka mbele, yenye tundu la mwanga tu, asije akaona uso wa mke wa mtu. Wa pili ni Profesa Hargobind Sethi, aliyeketishwa nyuma ya pazia zito kando ya jukwaa. Fundi haoni, profesa haoni, na hao ndio waliopewa kazi ya kuwatoa wanawake gizani.

Maana filamu haikuja hivi hivi. Jumuiya ya Kuinua Akina Mama ilikubali akina mama waburudike, mradi kwanza wainuliwe. Kwa hiyo kwanza mhadhara, kisha filamu. Profesa Sethi alikuwa bingwa wa magonjwa ya pamba. Hakuwa na mke, hakuwahi kubeba mtoto, basi katika mambo ya malezi hakuna aliyeweza kumtuhumu upendeleo. Alisoma karatasi zake mle nyuma ya pazia, na kila alipotaka picha ya kioo iliyomulikwa mbele ya watazamaji ibadilishwe, alitikisa kikengele. Fundi akisikia kikengele, anaweka kioo kingine. Vioo vikimwishia, anawasha filamu. Utaratibu safi kabisa.

Jumatano iliyopita watoto walilia na mama zao wakatafuna dengu za kukaanga kwa kishindo, profesa akapandwa na hasira.

"Nikisikia tena ghasia hizi," alisema kutoka pazia lake, "nitaishauri Jumuiya siku hii ifutwe. Wapewe wanaume. Wanaume wana adabu."

Wanaume hao hao, mji mzima ulijua, walikwisha kutoboa turubai la picha kwa viatu, siku filamu ilipokatikia penye busu.

Tangu hapo Shaista hakuwa na raha. Alikuwa na mwaka wa pili katika nyumba ya mumewe, na milango aliyoijua ilikuwa wa jikoni, wa uani na huu wa sinema. Humu ndimo alimokuwa mtu. Mumewe alimfundisha kusoma jioni jioni, kwa taa ya mafuta, na maandishi yalipotokea kwenye turubai yeye ndiye aliyewasomea wenzake. Wanawake wenye umri wa mama yake walimgombania akae karibu nao. Sasa yote hayo yalikuwa mikononi mwa mwanawe Sikandar, mtoto wa miezi minane, mwenye mashavu kama maandazi na kilio cha kumwamsha mlinzi wa ngome.

"Mama, tumvue njuga leo," Shaista alimwomba mavyaa wake, Ghafuran Bibi, walipokuwa wakijifunga mabaibui. "Miguu yake haitulii. Profesa atazisikia."

"Nimvue njuga mjukuu wangu, jicho baya limpate, kwa ajili ya mtu wa pamba?" Ghafuran Bibi alisema. "Tena fanya haraka, utaniponza nikose mhadhara. Unajua mimi huenda kwa ajili ya mhadhara tu."

Alikuwa amejipaka wanja, na shungi lake limejaa dengu.

Walipofika jumba limejaa. Nafasi zilibaki nyuma tu, chini ya kijumba cha fundi. Kartar Kaur, jirani yao, mwanamke mpana wa mwili na wa maneno, aliwavutia kiti.

"Karibu, msomaji wetu. Umemlisha huyo simba?"

"Amekula mpaka kacheua."

"Basi omba Mungu, shoga. Akilia, Jumatano ijayo tutatazamana na masufuria."

Taa zikazimwa. Picha ya mama mnene akimwogesha mtoto mnene ikatokea. "Akina mama," ikasema sauti ya pazia, "mnajua kuzaa. Kulea hamjui." Kisha wakaelezwa maji ni nini.

Sikandar alitulia kidogo. Halafu akaona mwanga, akafurahi, akarusha miguu. Cheng'! Picha ikabadilika, akatokea nzi mkubwa kama nyati.

"Huyu," alisema profesa kwa upole, akiwa bado kwenye kuoga, "mshikeni taratibu, msimwangushe, kisha mfuteni masikio."

Kicheko kikapita kwenye viti kama upepo. Shaista alitazama kijumba cha fundi juu ya kichwa chake, akatazama miguu ya mwanawe, akaelewa: fundi alidhani ni kikengele. Akaidaka ile miguu yote miwili, akaibana. Sikandar akamtazama kama aliyeibiwa. Mdomo wa chini ukajitokeza, ukaanza kutetemeka.

"Anataka kulia!" Kartar Kaur akanong'ona. "Mwachie!"

"Nikimwachia picha zinakimbia."

"Zikimbie! Kwani zimeolewa, zitafutwe na waume? Mwachie!"

Shaista akafikiria ua, na masufuria, na maandishi yatakayopita kwenye turubai bila sauti yake. Akaachia.

Sikandar alicheza kama aliyelipwa. Cheng', choo cha shimo. Cheng', chupa ya maziwa. Cheng', chandarua, ng'ombe, nzi mwingine. Muda si mrefu fundi, mtu mtiifu, akaishiwa vioo. Akafanya alivyoelekezwa. Mtambo ukaunguruma, na kwenye turubai likatokea kasri.

Profesa alikuwa kwenye ukurasa wa pili.

Watoto wote walinyamaza, macho yamewatoka. Mama zao nao kimya. Waziri mwovu alinyemelea kitanda cha mfalme, akatoa kichupa, akaanza kudondoshea sumu kwenye kikombe.

"Na wewe," profesa akanguruma, kwa kuwa sasa alikuwa amefika kwenye afyuni ya kulaza watoto, "unayemwekea tone kwa siri ili alale upate nafasi! Unadhani hakuna anayekuona?"

"Tunamwona!" wakajibu wanawake.

Pazia likasita. Katika maisha yake yote ya mihadhara hakuna aliyewahi kumjibu.

"Basi... mtampa?"

"Asimpe! Asimpe!" Jumba likatetemeka. Ghafuran Bibi alisimama juu ya kiti, dengu zikamwagika. "Asimpe, mwanaharamu huyo!"

"Naam!" profesa alilia kwa furaha. "Semeni tena!"

Mfalme akanywa. Vilio vikapanda. Profesa akahamia kwa watoto wachanga wanaokufa, malkia akakimbilia msituni na mwanawe, na Kartar Kaur akajifuta macho kwa ncha ya shungi la Shaista. Maandishi yalipotokea, Shaista aliyasoma kwa kunong'ona. Lakini waliomzunguka walimwambia anyamaze kidogo, leo baba wa pazia anaeleza vizuri. Hilo lilimchoma. Akalimeza, akambusu mwanawe utosini.

Waziri alipotumbukia mtoni, mhadhara nao ulikuwa umerudi kwenye usafi. "Mwosheni mpaka shingoni!" Makofi yakalipuka.

Taa zilipowashwa, sauti ya pazia ilikuwa imelowa.

"Akina mama zangu. Niliwadhania mzigo. Leo hamkusikiliza kwa masikio, mmesikiliza kwa moyo. Jumatano haifutwi, nitaipigania mimi mwenyewe mbele ya Jumuiya!"

Wanawake wakashangilia. Shaista akafumba macho, akashusha pumzi aliyoibeba wiki nzima.

"Na kwa kuwa mna kiu kiasi hiki," profesa akaendelea, "Jumatano ijayo mhadhara utakuwa mrefu maradufu."

"Maradufu!" akaguna Kartar Kaur.

Ghafuran Bibi alishuka kwenye kiti, akakung'uta baibui lake, akamtazama mjukuu wake aliyelala fofofo.

"Binti," akamwambia Shaista, "tukitoka hapa tupitie kwa sonara wa njuga. Huyu mtoto ana mikono pia."