Kipimo cha Tata Lutumba

Nlandu alikuwa amekataa kunyonya tangu asubuhi. Miguu yake ilikuwa baridi, lakini tumbo lilimuunguza mama yake mkono. Mama alimfunika kwa kitenge, akamfunua, akamfunika tena, kisha akamfunga mgongoni na kuteremka kilima kwenda kituo cha afya cha Kinsangu. Hii ilikuwa mara yake ya tatu kwenda huko na mtoto huyohuyo.

Watu walimwita Mama Nsimba kwa sababu ya mapacha wake, Nsimba na Nzuzi. Mtoto anayewafuata mapacha huitwa Nlandu, na akiugua watu husema mapacha wamemwonea wivu. Mama mkwe alikuwa ameshasema hivyo. Alitaka mapacha wapikiwe maharage, wapakwe udongo mweupe na kuimbiwa. Mama Nsimba alipika, akawapaka, akaimba kwa harakaharaka Nlandu akiwa mgongoni, na siku hiyohiyo akaenda kituoni. Kama kungekuwa na jambo la tatu la kufanya, angelifanya pia.

Muuguzi mkuu wa kituo aliitwa kwa heshima Tata Lutumba, yaani Baba Lutumba. Koti lake jeupe lilinyooshwa kwa pasi kila siku, na viatu vyake havikuwahi kuonja tope. Kazi yake aliielewa hivi: kidole, tone la damu, kipimo. Ikitokea mistari miwili ni malaria, mtoto apewe vidonge. Ukitokea mmoja, kuna kazi ya kufikiri, na hiyo hakuipenda. Uso wa mtoto haukuhusika.

Mara ya kwanza ilitokea mistari miwili, na kweli ilikuwa malaria. Vidonge vikaiondoa. Nlandu akacheza, akala hata matunda ya nsafu yaliyochemshwa, mafuta yakimchuruzika kidevuni. Kisha homa ikarudi, ikiwa kali zaidi, na kipimo kikaonyesha mistari miwili tena. Tata Lutumba akatoa vidonge vilevile.

Sasa, kipimo kile kina tabia moja. Malaria ikishakwisha mwilini, chenyewe huendelea kuionyesha kwa wiki kadhaa, kama jiko linavyobaki na majivu baada ya moto kuzimwa. Mtoto aliyemaliza dawa na bado anachemka huenda ameingiwa na bakteria kwenye damu, na bakteria hawajali vidonge vya malaria. Wanataka sindano, na wanaitaka leo, si wiki ijayo. Tata Lutumba alifundishwa yote hayo kwenye semina mjini. Alihudhuria mpaka mwisho, akapiga picha akiwa mstari wa mbele. Alichorudi nacho ni sifa za nyama ya mbuzi waliyolishwa.

Na sindano zilikuwepo. Vichupa vilijipanga nyuma ya kioo cha kabati, ukutani, mahali ambapo kila mama aliyeketi kwenye benchi aliviona. Wakubwa wa afya walikuwa wametangaza shindano la kupunguza ufujaji wa dawa: kituo ambacho hakimpi antibiotiki mtoto mwenye mistari miwili kingepewa ngao. Tata Lutumba alikuwa ameshapigilia msumari wa kuitundikia.

"Wewe tena?" alimuuliza Mama Nsimba zamu yake ilipofika.

"Bado anachemka, Tata. Hanyonyi."

Akamtoboa mtoto kidole, akasubiri, kisha akamwinulia mama kipimo karibu na pua.

"Unaona? Unajua kuhesabu mpaka mbili, wewe mama wa mapacha?"

Wanawake kwenye benchi walicheka. Kilikuwa kicheko cha watu ambao zamu yao bado.

"Naona, Tata. Lakini vidonge nimempa vyote."

"Ungempa vyote angekuwa mzima. Umempa, au ulikuwa kwenye nyimbo za mapacha?"

"Nimempa. Naomba ile sindano." Akaonyesha kabati kwa midomo. "Mtoto wa Luzolo alidungwa hapahapa akapona."

"Wa Luzolo alikuwa na mstari mmoja. Wako ana miwili. Unataka nikiite kipimo hiki mwongo kwa ajili yako?"

"Sitaki kumwita mtu mwongo. Mtazame tu mtoto, Tata. Mshike miguu."

"Mimi sitibu miguu," alisema Tata Lutumba, na mkono wake ulikuwa tayari unamwita mama mwingine.

Mama Nsimba aliomba basi mtoto alazwe. Akaambiwa kituo hakilazi malaria ya kawaida, na kesho kuna wageni. Ukweli ni kwamba Tata Lutumba alipenda kujisifu kuwa kituo chake hakikupoteza mtoto hata mmoja mwaka mzima. Hakuwa anasema uongo. Wale walioelekea kufa aliwarudisha nyumbani, wakafie huko, ambako vifo havikuwa vyake.

Asubuhi iliyofuata Mama Nsimba alirudi. Uwanja ulikuwa umefagiwa na makuti yamefungwa kwenye nguzo za mlango. Nlandu alikuwa akihema mbiombio kama aliyekimbia, macho yamefunguka nusu. Alipogonga dirisha, Tata Lutumba alimwambia bila kugeuka aende kwenye benchi, wageni wako njiani, na ajifunge kitenge vizuri. Akaenda. Luzolo, jirani yake, alikuwepo na mtoto wa kikohozi. Alimsogezea nafasi mbele kabisa ili wasisahauliwe.

Mkaguzi alifika akiwa na miwani myeusi na wasaidizi wake. Wakaimbiwa. Wakapewa mvinyo wa mnazi, wakasema hawanywi kazini, wakanywa. Kisha mkaguzi akasimama mbele ya kabati na kuhutubia. Alisema amezunguka vituo vingi na kote amekuta makabati matupu, dawa zimemwagwa ovyo kwa kila mtoto anayelia. Hapa vichupa vyote vipo. Hata mihuri haijavunjwa. Huu ndio uzalendo. Tata Lutumba aliinamisha kichwa kama bwana harusi.

Makofi yakapigwa, na Mama Nsimba naye akapiga, kwa sababu Tata alikuwa akiwatazama akina mama wasiopiga. Ni wakati huo alipohisi mgongo wake umetulia. Alisubiri ile mihemo ya mbio irudi. Haikurudi. Akafungua kitenge taratibu, akampakata Nlandu, akamwekea sikio kifuani huku hotuba ikiendelea.

Luzolo alitazama, akaziba mdomo kwa kiganja. Mama Nsimba akamtikisia kichwa.

Angeweza kulia. Kwao mama akifiwa hulia mpaka ng'ambo ya kilima wasikie, na hakuna ambaye angemlaumu. Lakini hakulia. Alijua akilia tu watamtoa kwa mlango wa nyuma, na jioni itasemwa kuwa mtoto alifika hapa ameshakufa. Alitaka kitu kimoja, na alikitaka kuliko alivyotaka sindano jana. Alitaka mtu yule amtazame mtoto wake usoni.

Mkaguzi akasema angependa kuona jinsi kazi inavyofanyika. Tata Lutumba akaangaza benchi na kumwita aliye karibu.

"Mama Nsimba, mlete."

Aliinuka, akaenda mpaka mezani, akamkalisha Nlandu mapajani huku kichwa kimemwegemea kifuani. Tata Lutumba alishika kidole kidogo, akakifuta kwa pamba, na muda wote uso wake ulikuwa kwa wageni. Aliwaeleza kwamba siri ni kuchagua upande wa kidole na kutokuwa na haraka. Akatoboa. Akakamua. Akakamua tena, kwa nguvu zaidi, ngozi ikabaki nyeupe.

Tone halikutoka.

"Hawa akina mama hawawanyweshi watoto maji," aliwaambia wageni, nao wakacheka. Akakiachia kidole kile na kunyoosha mkono bila kugeuka. "Lete kingine."

Mama Nsimba alikitazama kisogo chake. Kisha akautoa mkono wa pili wa mwanawe ndani ya kitenge, akauweka mezani, akavifungua vidole kimoja baada ya kingine.