Mama Tsvetana na Nyuzi za Kazi

Asubuhi hiyo ya Februari mjini Plovdiv, Radostina alibandika mdila wa kahawa kwenye jiko dogo la umeme nyuma ya kompyuta ya taasisi, mahali palipokatazwa, kisha akaketi kurekebisha kiini cha mfumo endeshi. Alikuwa akikifundisha kuzalisha nyuzi za kazi, vitumishi vidogo vya ndani ya mashine, kila kimoja na jukumu lake.

Mwanzoni aliruhusu programu yoyote ijizalishie uzi. Hilo lilikuwa kosa. Uzi hurithi kila kitu cha aliyeuzaa, na wa kwanza, uliozaliwa na programu ya Mkurugenzi Enchev, ulitokea mlangoni: mwanamke aliyevaa skafu ya Mkurugenzi, akikohoa kikohozi chake.

"Dada, huyu keshakirithi kifua cha bosi," alisema Hristo wa meza ya pili. "Mrekebishe kabla hajarithi na gari."

Radostina akaandika upya. Awepo mama mmoja tu, anayezaliwa mashine ikiwashwa, asiye na kitu cha mtu. Programu inayotaka uzi ipeleke ombi kwake. Alipowasha, Mama Tsvetana alikuwa ameketi kando ya mashine na koti lake la buluu.

Ndiye aliyekuwa msimamizi wa ukumbi wa kutoboa kadi, ambamo zamani wanawake walitoboa kadi za kuilisha mashine hesabu. Ukumbi ulipofungwa, wanawake wake walirudishwa nyumbani mchana, katikati ya kazi, bila hata kuagwa kwa glasi ya rakia, ile pombe kali ya matunda. Yeye alifariki mwaka uleule, kabla cheri hazijaiva.

"Umekonda, mwanangu. Hawakulishi?"

"Nakula, mama." Radostina akammiminia kahawa.

Ombi lilipofika, Mama Tsvetana aliita, "Zlatka!" Zlatka, mtoboaji wake hodari, akaja, akafanya kazi, akamaliza, akakaa kufuma soksi. Akaja Ginka. Chumba kikanukia marashi ya waridi kama ukumbi ule, enzi Radostina alipokuwa mwanafunzi na wanawake hao wakimfichia kipande cha banitsa, andazi la jibini, kwenye droo. Alitaka wabaki. Akaandika: uzi usio na kazi ulale, usubiri kuamshwa.

Mkurugenzi akaja, akawapita wanawake wakifuma, akausoma mchoro wa mfumo mezani.

"Wanaolala wanakula nafasi ya mashine bure. Kazi ikiisha, uzi ukatwe."

"Ndugu Mkurugenzi, hawa ni wa ukumbi wa kadi. Walishakatwa mara moja."

"Basi wamezoea," alisema, akatia sahihi.

Zlatka akakunja soksi yake. "Afadhali safari hii tumeambiwa."

Siku ya kuuonyesha mfumo, wageni wa wizarani walijaa chumbani. Mashine haikukwama. Mkurugenzi alihutubia, akaishukuru wizara, akaishukuru mashine. Zlatka, aliyekuwa ndiyo kwanza amalize hesabu ya mwisho, aliinua mikono apige makofi pamoja na wengine, kama walivyofanya siku zote mikutanoni. Uzi wake ulikatwa, akatoweka viganja vikiwa bado havijakutana. Mama Tsvetana akapokea ombi jingine, akamwita Ginka.