Treni ya Mheshimiwa Mtarajiwa

Mwaka ule wa tisini na tano, kila aliyenunua pamba kwa lori lake mwenyewe alijiona anafaa ubunge. Deogratias, mmoja wao, alitaka kalenda ya kampeni: yeye mbele, treni nyuma, chini maneno "Reli Mpaka Bariadi". Bariadi hatukuwa na hata kipande cha reli, kwa hiyo akanibeba mimi, mpiga picha, hadi Malampaka. Treni ya asubuhi ilikuwa moja tu, na picha ilitakiwa kwa mchapaji Mwanza kesho yake.

Mahali pazuri pa kupigia treni picha si stesheni. Pale utaambulia migongo ya watu na magunia. Philomena, muuza karanga wa pale stesheni, alituonyesha kona nje ya mji ambako treni hupunguza mwendo na jua humkaa mpiga picha mgongoni. Wenzake wakatufuata, maana suti ya sufu ya Deogratias kwenye joto lile haikuwa jambo la kukosa.

Nimeshapanga kila kitu, akatokea bibi mmoja na jembe begani. Deogratias akarukia mchongoma, na suti yake. Bibi huyo alikuwa mama mkwe wake, Apolonia, na Msukuma anayejiheshimu hakutani uso kwa uso na mama mkwe, wala hasemi naye moja kwa moja. Shamba la bibi lilikuwa palepale, ila mkwe asiyetembelea wakweze angejuaje?

Apolonia aliona kiatu kinang'aa miibani. Akaketi kando ya reli, akanyoosha miguu.

"Mwangaluka, mayu," nikamwamkia mama huyo kwa Kisukuma. "Treni inakuja, tunaomba nafasi."

"Mwambie huyo wa miibani, pamba yangu hupungua uzito ikifika kwake tu. Akisema sababu, naondoka."

Honi ikalia mbali. Nikaurudia ujumbe neno kwa neno, kama mkalimani wa kanisani. Nakiri nilifurahi kupita kiasi.

"Mwambie ni jua, linaikausha!"

"Anasema ni jua, mayu."

"Basi ngoja na mimi niliote hilo jua." Akajilaza.

Treni ikachomoza.

"Mwambie nimeichezea mizani!" mchongoma ukapiga kelele. "Mizani zote!"

Apolonia akainuka, akajikung'uta vumbi, akaenda zake bila haraka. Deogratias akatoka, akafunga vifungo, akatabasamu. Nikapiga. Picha ilitoka safi kabisa, hata mikwaruzo haionekani. Akina Philomena walikuwa wamesikia kila neno, na wateja wao hushuka vituo vyote.

Kalenda ikatundikwa kila nyumba, Maswa mpaka Nassa. Msimu wa kununua pamba ulipofunguliwa, wakulima walipanga foleni ndefu kwa Deogratias. Walikuja na mizani yao.