Shikamoo ya Raundi ya Saba

Amedeus alikuwa bingwa wa ngumi wa Bonde la Kilombero kwa miaka mitatu, na katika mapambano yake yote kumi na manne hakuwahi kupigana na mtu aliyemzidi umri. Bahati tu. Mama yake, Mama Stefania, alimlea kwa sheria moja: mkubwa hapitwi bila shikamoo. Mpaka leo Amedeus akipita na baiskeli sokoni Ifakara huchelewa kila anakokwenda, maana kwa kila mzee anashuka kabisa, mikono chini, kichwa chini, ndipo anaamkia.

Safari hii wakamletea Alfonsi wa Mngeta. Miaka arobaini na mbili, kitambi, meno ya kuhesabika, na ujanja wa kutosha tarafa nzima. Mshindi angekwenda Dar es Salaam kugombea ubingwa wa taifa. Amedeus aliitamani safari hiyo tangu siku za kupiga gunia la pumba nyuma ya mashine ya mpunga.

Raundi tano alimchapa mzee wa watu mpaka ukumbi ukaanza kumwonea huruma. Ya sita akambana kwenye kamba, akavuta mkono wa kulia amalize kazi. Alfonsi akamtazama kwa masikitiko.

"Vijana wa siku hizi, hata kuamkia hamjui."

Jamani! Mikono ya Amedeus ilishuka yenyewe, kichwa kikainama. "Shika..."

Ngumi ilimkuta kidevuni akiwa na adabu zake zote. Chini!

"Amka!" kocha wake Gosbert alipiga kelele kutoka kwenye kona. "Huyo siyo mzee, huyo ni mpinzani!"

Aliamka refa akiwa kwenye tisa, kengele ikamwokoa. Alirudi kwenye kona na aibu iliyomuuma kuliko kidevu. Akisemeshwa tena, mikono itashuka tena, alijijua. Dar ilikuwa inamponyoka hivi hivi, kwa salamu.

Mara Mama Stefania akainuka kutoka mstari wa mbele, amevaa kitenge cha kanisani, akaja mpaka kwenye kamba.

"Umenitia aibu," alisema.

"Kwa kuanguka, mama?"

"Kwa kuamkia nusu! Mzee wa watu hata hajaitikia. Nenda ukamalizie."

Gosbert alishika kichwa. Lakini Amedeus alibaki ameduwaa, maji yakimdondoka kidevuni. Hajaitikia. Kumbe anayeamkiwa naye ana kazi yake!

Raundi ya saba Alfonsi alikuja na mdomo wazi tayari. "Mwanangu..."

"Shikamoo, mzee!" Amedeus alimuwahi, kwa sauti ya ukumbi mzima, mikono ikitaka kushuka, lakini akaing'ang'aniza juu.

Bonde zima hakuna mtu mzima anayeacha shikamoo ianguke chini, na Alfonsi naye alikuwa na mama. Alisimama. Akanyoosha shingo, uso ukamlainika kwa kuheshimiwa.

"Mara..."

Mkono wa kulia ukafika.

Refa alihesabu mpaka kumi. Gosbert analia, watu wanarusha kofia. Refa akaushika mkono wa bingwa auinue, mkono ukagoma. Amedeus alikuwa ameinama juu ya Alfonsi, akisubiri, na mama yake akimkazia macho.

Alfonsi akafumbua jicho moja.

"...haba," alisema.

Hapo ndipo Amedeus akanyanyua mikono.