Cherehani Moja, Aina ya Kukanyaga

Cherehani ilivushwa uani saa sita mchana, imefunikwa shuka kama mgonjwa asiyetakiwa kuonwa na watu. Mbele alishika mpaka rangi wa nyumba, mwenye mali. Nyuma alishika mlinzi wa ghala, jirani wa chumba cha ng'ambo ya ua, aliyetoka zamu asubuhi na ambaye saa hizi alipaswa kuwa anakoroma. Mshonaji, mke wa mpaka rangi, aliwafuata na mimba yake ya miezi saba, mkononi kopo la nyuzi na vifungo.

"Shemeji, hiki ni chuma au ng'ombe?" mlinzi aliuliza, jasho likimchuruzika.

"Beba, wee. Siku nikikushonea suruali utakisifu."

Mbao za kitanda zilikwisha kuegeshwa nyuma ya choo. Chumbani ulibaki mkeka, ndoo mbili, sufuria moja na picha ya harusi, nayo mpaka rangi alirudi akaitungua ukutani kwa sababu fremu yake iling'aa mno.

Serikali ilikuwa imeanza kutoa fedha za uzazi kwa wanandoa wa kipato cha chini wanaotarajia mtoto: posho kidogo kila mwezi, na kadi ya kujifungulia hospitali kubwa bila kulipa. Ili upate, sharti mke na mume mwandikwe wote wawili, na sharti afisa aje aone kwa macho yake kwamba hamna kitu. Orodha ya vitu vinavyomfanya mtu asihesabiwe maskini ilibandikwa kwenye mlango wa ofisi. Namba nne ilikuwa cherehani. Hakuna aliyeuliza mshonaji asiye na cherehani anaitwaje.

Chumba cha mlinzi kilichaguliwa kwa sababu kilikwisha kukaguliwa wiki iliyopita. Mke wa mlinzi alikuwa dobi, naye ni mjamzito, anamtangulia mshonaji kwa mwezi mmoja. Afisa alikuja, akapiga picha beseni na kamba ya kuanikia, akaondoka.

"Leteni tu, shoga yangu," dobi alisema, akisogeza mafurushi ya nguo za watu. "Mimi mtihani wangu nimeshaufanya."

Afisa alifika saa tisa. Alikuwa kijana mpole, viatu vimejaa vumbi, kishikwambi cha kazini kifuani.

"Mnalala wapi?"

"Hapo chini," mpaka rangi alijibu.

"Kaeni hapo. Mama, usitabasamu." Akapiga picha. Akafunua sufuria, akaifunika. "Hapa kweli hali ni mbaya," alisema, kwa sauti ya mtu aliyefurahi kupata alichotumwa. Kisha akageuka kutazama ng'ambo ya ua. "Yule dobi yupo? Picha zake hazikuingia kwenye mfumo. Ngoja nizirudie mara moja."

Mpaka rangi alikohoa. Mshonaji angeweza kusema ametoka, amekwenda kupeleka nguo, amelazwa, lolote lile. Lakini mtu wa serikali alikuwa amemuuliza swali, naye tangu utotoni alifundishwa kuwajibu watu wa serikali.

"Yupo," alisema.

Neno hilo moja lingemkosesha usingizi kwa muda mrefu. Akiwa mlangoni kwake aliona shuka likifunuliwa, akasikia kila kitu, maana ua wenyewe ulikuwa wa hatua kumi.

"Hii je? Wiki iliyopita haikuwapo."

"Imehifadhiwa tu, kaka."

"Ya nani?"

Dobi aliinua macho yakapita bega la afisa, yakavuka ua, yakakutana na ya mshonaji. Yakakaa hapo kidogo.

"Ya mtu."

"Mtu gani asiye na jina?"

"Ya mtu tu, kaka yangu."

"Kila nyumba naambiwa ya mtu. Simama kando yake. Karibu zaidi. Hapo hapo."

*

Barua zilitoka baada ya wiki mbili. Ya mshonaji na mumewe ilikuja na kadi ya plastiki yenye sura zao wawili. Mshonaji aliifunga kwenye fundo la mtandio wake na tangu siku hiyo hakuiacha nyumbani hata alipokwenda bombani. Ya dobi ilikuwa karatasi moja yenye muhuri. Mlinzi aliisoma uani, akifuatisha maneno kwa kidole: "Mwombaji anamiliki cherehani moja, aina ya kukanyaga, inayofanya kazi. Ombi limekataliwa. Rufaa ni ndani ya siku kumi na nne."

Hakuwatupia jicho majirani zake. Aliikunja barua mara nne akaitia mfuko wa shati la kazi.

Jioni dobi alikuja kukaa na mshonaji kizingitini. Mtoto wake wa kwanza alitolewa kwa upasuaji, akatoka bila pumzi. Kwenye daftari lake la kliniki nesi alikuwa ameandika kwa wino mwekundu kwamba huyu asijaribu kuzalia nyumbani, mshono unaweza kufumuka.

"Wewe unajua habari za mishono kuliko mimi," dobi alisema, akacheka kidogo. "Shoga, sikutaji. Siwezi kukutaja. Lakini wewe ukijitaja mwenyewe, pengine watakuelewa."

"Nitasema," mshonaji alijibu. "Haki ya Mungu nitasema."

Na siku ile alikusudia kweli. Alimwambia mumewe wakiwa wamelala kwenye mkeka, maana kitanda kilikuwa bado nyuma ya choo.

"Aliyetia saini kwamba hatuna kitu ni nani?" mpaka rangi aliuliza. "Ni mimi. Ukienda kusema, wanachukua kadi, halafu wananichukua na mimi. Unataka nikaisikie sauti ya mwanangu nikiwa jela?"

"Yule ana mshono tumboni."

"Na wewe una mtoto tumboni."

"Mimi hata nyumbani naweza kuzaa. Nesi alisema niko sawa."

Mumewe aligeukia ukuta. Hakuwa mtu mbaya. Miezi mitatu alikuwa hajapata nyumba ya kupaka, na mikono yake ilikuwa imeanza kutakata, jambo lililomtia aibu mbele ya wenzake. "Subiri basi kidogo," alisema mwishowe. "Rufaa ina siku kumi na nne."

Wakasubiri. Ofisini ilisemekana ukaguzi wa kushtukiza ungeendelea miezi mitatu, kwa hiyo cherehani haikurudi. Kila asubuhi mshonaji alivuka ua na vitambaa vyake kwenda kushonea kwa dobi. Kila asubuhi alikuta kigoda kimeshawekwa, na mashine imepanguswa vumbi. Dobi alifua nje, vidole vimechanika kwa sabuni, na hakumkumbusha ahadi hata mara moja. Angemsema, angenuna, angepiga beseni teke, mshonaji angepata nafuu. Badala yake aliulizwa kama maji ya kunywa yapo.

*

Siku ya kumi na mbili afisa aliingia bila hodi. Mshonaji alikuwa kwenye kigoda, mguu juu ya kanyagio, anaunga mkono wa kigauni cha mwanawe. Gurudumu lilizunguka peke yake mara mbili kisha likasimama.

"Nimekuja kwa ajili ya rufaa," afisa alimwambia dobi, aliyefuata nyuma na mikono yenye povu. "Umeandika mashine si yako. Nahitaji jirani wa kushuhudia." Akamtazama mshonaji, akamkumbuka. "Wewe si wa chumba kile? Unafanya nini hapa?"

Hapo ndipo pa kusema. Maneno yalikuwepo, aliyapanga kichwani siku zote hizo: hii ni yangu, nilimwomba anifichie, kosa ni langu. Lakini mtu alikuwa amemfumania na mguu kwenye kanyagio, na mdomo ukatafuta njia fupi ya kutoka.

"Naazima tu," alisema. "Namshonea mtoto."

"Unaazima kwa nani?"

Dobi alikuwa anamtazama. Povu lilimdondoka kwenye vidole, tone moja, jingine.

"Kwa nani, mama?"

"Kwake," mshonaji alisema.

Afisa aliandika. Haikumchukua hata dakika. Alimsogezea mshonaji kishikwambi aweke dole gumba, kidude kikalia tiki. Kisha alimgeukia dobi, na kwa kweli alisema kwa upole, kama mtu anayempa dada yake shauri jema.

"Mtaji unao ndani, unalilia serikali? Uza mashine, ulipie hospitali. Wenzako hawana hata kitanda." Akamwonyesha mshonaji kwa kidevu.

Afisa alitoka. Mshonaji hakuweza kuinuka. Alitamani dobi ampige.

"Uzi hujaukata," dobi alisema, akarudi kwenye beseni lake.

Posho ya kwanza ilipotoka mshonaji alinunua unga, mafuta na kitambaa laini cha mtoto, akampelekea dobi nusu ya kitambaa. Dobi alikipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akakiweka juu ya kabati. Kilikaa hapo hapo, kimekunjwa vile vile. Mshonaji aliona haya hata kukohoa mle ndani, na akaanza kushona siku moja moja tu, wateja wakanung'unika na kigauni cha mwanawe kikabaki nusu.

*

Asubuhi moja alitoka na ndoo, akaukuta mkokoteni wa muuza maji uani. Juu yake ilikuwa cherehani, bila shuka safari hii, na kando ya cherehani dobi, amelalia mafurushi, ameng'ang'ania gurudumu kwa mikono yote miwili. Midomo yake ilikuwa mikavu. Mlinzi alikuwa bado na sare ya kazi, anafunga kamba.

"Uchungu umeanza tangu alfajiri, shemeji," alisema, macho chini. "Hospitali wanataka fedha ya upasuaji kwanza ndipo wamguse. Afisa alisema tuuze mashine yetu."

Alisema "yetu" bila kejeli. Pengine alikuwa amejizoeza njia nzima kutoka ghalani.

Mpaka rangi alitoka na mswaki mdomoni. "Weka chini hiyo!"

"Niweke chini, kaka? Sawa." Mlinzi alisimama wima, sauti yake ikawa ya chini zaidi. "Tupitie ofisini basi, tukaulize ni ya nani."

Milango ya ua ilikuwa imeanza kufunguka, mmoja mmoja. Mpaka rangi aliwatazama majirani, akamtazama mkewe, kisha akaurudisha mswaki mdomoni.

Mshonaji aliweka ndoo chini akaufuata mkokoteni. Hakujua anafuata nini. Barabara ilikuwa na mashimo, akajikuta ameshika meza ya cherehani kwa nyuma isimwangukie mgonjwa, na hivyo ndivyo walivyokwenda, mlinzi akivuta, yeye akizuia, tumbo lake likigonga ubao kila shimo. Uchungu ulipomshika, dobi aliuma shuka la furushini. Ulipomwachia alisema, "Polepole, shoga, na wewe una wako."

Mnunuzi wa vitu vikuukuu alikuwa na kibanda mkabala na lango la hospitali, mahali pazuri kwa biashara yake. Aliizunguka cherehani, akauvuta mkanda, akausikiliza.

"Isije ikawa ya wizi. Karatasi iko wapi?"

Mlinzi alichomoa mfukoni barua iliyokunjwa mara nne. Mnunuzi aliisoma kwa sauti, polepole: "Anamiliki cherehani moja, aina ya kukanyaga, inayofanya kazi." Akakuna shavu. "Na muhuri upo. Hii inashinda risiti."

Akataja bei. Mlinzi alisema hiyo haifiki hata nusu ya wanachotaka pale ng'ambo. Mnunuzi alisema hayo ni mambo yao na hospitali. Dobi aliguna, mgongo ukamjikunja, na mlinzi akanyoosha mkono kupokea.

Mnunuzi alipoinua sindano kuijaribu alikuta kitu kimebanwa chini yake. Akakivuta: kigauni cheupe, mkono mmoja umeungwa, wa pili bado.

"Na hiki cha nani?"

Mshonaji aliutazama mkono usioungwa.

"Cha huyo," dobi alisema kutoka mkokotenini, macho yamefumbwa. "Mpeni."

Wakampa. Mlinzi akaugeuza mkokoteni, mwepesi sasa, akavuka barabara. Mshonaji alibaki upande wa kibanda. Kutoka pale alimsikia bawabu wa hospitali akiuliza kwa sauti ya mtu aliyeuliza hivyo tangu asubuhi, "Kadi mnayo, au mnalipa?" na akamwona mlinzi akizifunua noti na kuanza kumweleza, akaeleza tena, huku bawabu akitikisa kichwa.

Mshonaji alipeleka mkono kwenye fundo la mtandio wake. Alilipapasa kwa vidole, kama alivyozoea kila alipokuwa penye watu wengi. Kadi ilikuwapo.