Ukumbi Chini ya Ngome

Kiangazi kile jua liliwaka Wales mpaka kondoo wakakosa nyasi, na wakulima kanisani wakaomba mvua. Gwilym Prosser, msomi wa mambo ya kale, peke yake aliitikia amina shingo upande. Penye kuta zilizozikwa ardhini, nyasi hukauka kwanza, na mtu akiruka juu kwa ndege huziona zimejichora. Mvua ikinyesha, kwaheri michoro. Naye miaka nenda rudi alikuwa akiwaambia wanakijiji kwamba ukumbi wa mfalme wa kale umelala uwanjani, chini ya ngome yao. Kila akienda dukani aliulizwa kama ameshaupata, na swali lilikuja na kicheko.

Basi akapanda ndege ya rafiki yake, akachungulia. Lahaula! Mstatili wa manjano ulionyooka, mashimo ya nguzo pande zote, na upande mmoja alama ya jukwaa alipoketi mfalme. Gwilym akaupiga picha huo tu, machozi yakimtoka, wala hakuigeuza kamera kwingine. Rubani akamuuliza kama anaumwa.

Jumamosi aliwakusanya watu katika ukumbi wa kijiji, akaiangaza picha ukutani, akahutubia kama aliyekula karamu na mfalme mwenyewe. Watu waliacha chai ipoe. Hakuna aliyecheka, na hilo tu lilimtosha.

Mkewe Mair, aliyemwoa Juni ya kiangazi hicho hicho, alisogea na sahani ya mkate wa zabibu mkononi. Aliitazama picha, kisha akamtazama mumewe kwa huruma.

"Mume wangu," akasema taratibu, "hili si hema letu la harusi?"

Si Gwilym mwenyewe aliyeng'ang'ania waoane uwanjani, chini ya ngome? Mbao za sakafu ya hema zilikaa pale wiki nzima zikiua nyasi. Mashimo ya nguzo yalikuwa ya vigingi. Na pale alipoketi mfalme, aliketi yeye, akila keki. Msomi wa mambo ya miaka mia nane iliyopita hajui alikokula juzijuzi! Ukumbi mzima ulicheka, naye akacheka kuliko wote, maana angejificha wapi.

"Tena ulituhamisha," Mair akaendelea. "Tulianza kulisimamisha kule juu ya uwanja, vigingi vikawa vinagonga mawe tu. Ukawafokea watu walisogeze, wageni wanakuja."

Gwilym akaacha kucheka. Mawe chini ya nyasi: kuta! Alichukua kofia akamtafute rubani, lakini alipofungua mlango mvua ilikuwa imeshashika. Nyuma yake wakulima wakamshukuru Mungu, naye, angefanyaje, akaitikia amina.