Jozi ya Orrin na Delphine

Orrin Stackpole hakuweza kuendesha gari bila kutega kitendawili. Alikuwa mfugaji wa ng'ombe wa maziwa, mzee wa mikono mipana, na kila Bunge la jimbo lilipokaa alimpitia Delphine Thibeault nyumbani kwake, wakaenda pamoja. Wote wawili walikuwa wabunge wa Bonde la Tasker, na kutoka kwetu kwenda mji mkuu njia ni moja tu, ile ya kupanda mlima.

"Kitendawili!"

"Tega, mzee, lakini macho barabarani."

"Ng'ombe wangu mweupe kalala juu ya paa. Akiamka, analia mpaka anakwisha."

"Theluji. Hicho ulinitega mwaka jana."

"Mwaka jana ulishindwa ukanipa mji."

"Nilikupa Boston, na Boston haikuwa yangu. Kwa hiyo huna kitu."

Ndivyo walivyokuwa. Delphine alikuwa mjane, bibi wa wajukuu wengi. Alikuwa ameendesha basi la shule mpaka magoti yakamkatalia. Kanisani alikaa kiti cha mbele. Orrin kanisani alikwenda kwa mazishi tu. Vyama vyao vilikuwa viwili tofauti, na katika mambo mengi walipiga kura kinyume, lakini hakuna jambo lililowachoma kama lile la fedha za kliniki.

Kila mwaka lilirudi. Bunge lilipaswa kuamua kama fedha za serikali zitaendelea kwenda kwenye kliniki za wanawake, zile ambazo pamoja na kupima matiti na kutoa vidonge vya uzazi wa mpango, zilitoa pia mimba. Tasker tulikuwa na moja, nyumba ndogo nyuma ya duka la rangi. Bila fedha ile isingefika majira ya kuchipua, na hilo kila mtu alilijua.

"Wanasema fedha haigusi utoaji mimba," Delphine alikuwa akisema. "Orrin, fedha ni maji ndani ya ndoo. Huwezi kunionyesha tone la kunywa na tone la kumzamishia mtoto."

"Na mimi nimezalisha ng'ombe maisha yangu yote. Nimeona mimba inavyoweza kumwua aliyeibeba. Mwanamke ajiamulie mwenyewe, na awe na mahali karibu pa kwenda."

"Mimi watoto niliwahesabu kwenye kioo kila asubuhi kabla sijaondoa basi. Sikuondoka hata siku moja na pengo. Hawa wa tumboni nani anawahesabu?"

"Na mama yao nani anamhesabu?"

Waligombana hivyo mpaka kileleni. Hapo Orrin alisimamisha gari, Delphine akafungua mkate wa mahindi, wakala, na wakishuka upande wa pili hawakuligusa tena. Huo ulikuwa mkataba wao, wala hakuna mtu aliyewahi kuuandika.

Msimu ule wa baridi moyo wa Orrin ulichoka. Daktari akamlaza nyumbani, akamkataza hata ngazi. Na kura ilikuwa wiki hiyohiyo, na safari hii wa ndiyo, waliotaka fedha iendelee, walikuwa wanazidi kwa mmoja tu, mpaka waliokuwa na mafua waliletwa wamefungwa mablanketi.

Delphine akaenda kumwona. Verna, mke wa Orrin, alikuwa anampa uji wa shayiri kwa kijiko. Verna alikuwa mwanamke mkavu, wa maneno machache, mwenye kuangalia mikono yako kabla ya uso wako.

"Bibi, nataka tufunge jozi," Orrin akasema.

Jozi ni desturi ya mabunge ya kwetu, ya zamani sana. Mbunge asiyeweza kufika anamwomba mpinzani wake naye asipige kura. Wa ndiyo ananyamaza, wa hapana ananyamaza, na mizani inabaki ilivyo. Haina mahakama wala adhabu, ni neno la mtu na mtu. Ina sharti moja tu: wote wawili wawe hai. Mmoja akifa, jozi imekufa naye, na aliyebaki yuko huru.

Delphine alivuta kiti. Alijua anachoombwa. Bila Orrin kura zingekuwa sare, sare huangusha muswada, na upande wake ungeshinda. Alikuwa amesali miaka mingi kwa ajili ya siku kama hiyo.

"Ungekuwa wewe umelala hapa, ningekufanyia," Orrin alisema.

"Najua. Hilo ndilo linaloniudhi." Akamshika mkono. "Haya. Tumefunga. Verna, umesikia?"

"Nimesikia," alisema Verna.

"Sasa kitendawili," Orrin akasema, akihema.

"Tega, ila usijichoshe."

"Wawili wanakwenda pamoja. Mmoja akilala, wote hawafiki."

Delphine alifikiri, akashindwa. "Nakupa mji."

"Mji gani?"

"Tasker yote, na kliniki yako ndani."

Orrin alicheka mpaka akakohoa, na Verna akamtoa Delphine nje kwa macho. "Jibu utalipata ukirudi," mgonjwa alimwitia.

Siku ya kura Delphine aliendesha mwenyewe. Kileleni hakusimama. Alipofika bungeni alikwenda kwenye simu ya ukumbini akampigia Verna, maana alikuwa ameota vibaya.

"Anaendeleaje?"

"Amelala."

"Anapumua vizuri?"

"Vizuri," alisema Verna. "Nenda kafanye kazi yako, Delphine."

Kabla hajafika kwenye kiti chake alizuiwa na Chadbourne, mnadhimu wa chama chake, kijana wa tai nyembamba.

"Mama Thibeault, nimesikia umefunga jozi na Stackpole. Niambie ni uvumi."

"Si uvumi."

"Ivunje! Bila Stackpole tuna sare mama'angu, sare kamili, hata baada ya yule mpumbavu wa pwani kutugeuka. Kura yako moja na muswada umekufa. Watoto wangapi hao? Wewe si ndiye unayelia kanisani?"

"Nalia, ndiyo. Na neno langu nimeshalitoa."

"Utamwambia nini Mungu?"

"Nitamwambia ulinifokea ukumbini. Nipishe nikae."

Karani akaanza kuita majina. Lilipofika lake, Delphine alisimama akashika kiti cha mbele. "Mheshimiwa Spika, nina jozi na mheshimiwa Stackpole. Angekuwepo, angesema ndiyo. Mimi ningesema hapana. Sipigi kura."

Ndiyo ikashinda kwa kura moja. Upande mmoja walikumbatiana. Upande wake mwanamke mmoja aliyekuwa rafiki yake alichukua koti lake akapita bila kumtazama.

Delphine alikuwa ameacha sufuria ya supu ya njegere kwenye gari, pale nyuma kwenye baridi. Akarudi nayo moja kwa moja kwa Stackpole, mchana haujaisha. Alitaka kumwambia Orrin, umeshinda, mzee mbaya wewe, sasa nipe jibu langu.

Alipofungua mlango wa gari alisikia ng'ombe. Si mlio wa njaa. Ulikuwa ule wa kiwele kilichojaa mpaka kinauma, ng'ombe wote wa zizi wanalia pamoja. Tangu Orrin augue, Verna ndiye aliyekuwa akiwakamua, kabla jua halijatoka, bila kukosa. Na sasa jua lilikuwa linaelekea kuzama.

Akaingia ndani bila kubisha hodi. Verna alikuwa amekaa jikoni karibu na simu, amevaa koti. Nyumba ilikuwa na baridi kama nje. Delphine alipita, akafungua mlango wa chumba. Dirisha lilikuwa wazi na theluji ilikuwa imetanda kwenye kizingiti. Orrin alikuwa amefunikwa vizuri, nywele zimechanwa. Delphine alimgusa kidevu. Kilikuwa kigumu.

Alirudi jikoni. "Lini?"

"Kabla ya kukamua," alisema Verna.

"Nilipokupigia simu..."

"Alikuwa kama ulivyomwona."

Delphine alitafuta mahali pa kukaa hakupaona. Ng'ombe walikuwa wanalia. Mwishowe Verna akainuka, akachukua ndoo mbili, akampa moja.

Wakakamua. Wanyama hawawezi kungoja watu wamalize ugomvi. Walikaa kila mmoja chini ya ng'ombe wake, hawaonani nyuso, maziwa yanapiga ndoo.

"Ungeniambia," alisema Delphine.

"Ningekuambia ungefanya nini?"

"Ningepiga kura."

"Ndiyo maana."

"Umenifanya mjinga mbele ya watu wote, Verna. Nimesimama pale nikasema angekuwepo. Nimemsemea maiti."

"Umesema kweli. Angekuwepo, angesema ndiyo."

"Usinichezee! Jozi ilikuwa imekufa. Kura yangu ilikuwa yangu. Umeniibia, na walionyimwa si mimi, ni wale wa tumboni."

Verna alivuta ndoo karibu. Kisha akasema, sauti ileile kavu, "Unajua nani aliuona uvimbe wangu? Yule muuguzi wa nyuma ya duka la rangi. Hospitali ya ng'ambo ya mlima ningekwenda lini? Nani angekamua? Ningekuwa nimezikwa mimi, na Orrin ndiye angekuwa anakupikia kahawa mbaya."

"Kwa hilo nashukuru. Nashukuru kwa moyo wote. Lakini mlango huohuo wanaingia watoto hawatoki."

"Hatutakubaliana."

"Hatutakubaliana," Delphine akaitikia.

Aliinua macho kufuta uso kwa bega, na pale ukutani, kati ya hatamu na misumeno, akaiona nira ya zamani, ya baba yake Orrin, ile ya kufungia maksai wawili shingo kwa shingo.

"Maksai," alisema.

"Nini?"

"Kitendawili chake. Wawili wanakwenda pamoja, mmoja akilala wote hawafiki. Ni maksai wa nira." Akaacha kukamua. "Verna, alijua? Alikuambia yeye ufanye hivi?"

Maziwa ya upande wa pili yaliendelea kupiga ndoo.

"Ni mimi," alisema Verna.

"Niapie."

"Nimekuambia ni mimi. Mwache Orrin alale. Kama unataka kusema, kaseme. Sitakana."

Delphine hakujua kama ni kweli, au kama mke alikuwa anamfunika mumewe kwa mara ya pili siku ile. Wala mpaka leo hakuna anayejua. Walimaliza ng'ombe, wakaingia ndani, wakafunga dirisha, ndipo Verna akampigia daktari. Delphine alimsaidia kumvisha marehemu shati safi. Supu iliachwa juu ya jiko.

Kwa kanuni za Bunge lile, kura iliyokutwa na dosari inaweza kurudiwa kabla kikao cha siku ya pili hakijafungwa. Kwa hiyo alikuwa na kesho tu.

Kesho yake Spika alianza kwa kutangaza msiba. Daktari alikuwa ameandika siku, saa hakuiandika, na watu walijaza wenyewe. "Mheshimiwa Stackpole," alisema Spika, "aliisubiri kura yake. Ilipopita, akapumzika." Bunge zima lilisimama. Wa ndiyo walilia, wa hapana walilia. Hata Chadbourne alitoa leso. Walipokaa, Spika akamtazama Delphine, maana kila mtu alijua walivyopanda gari moja miaka yote.

"Mama Thibeault, bila shaka ungependa kumsemea rafiki yako."

Akasimama. Alimfikiria Orrin na mkate wa mahindi kileleni. Alimfikiria Verna akimchana nywele kwenye baridi ile, masikio yake yameelekea kwenye simu. Angeweza kusema maneno mawili mazuri akakaa. Kisha akakifikiria kile kioo cha basi, na viti vilivyo nyuma yake.

"Alikuwa mtu mwema kuliko mimi," alisema. "Na alikufa jana kabla ya jua kutoka. Nilipotaja jozi, haikuwepo. Sikuambiwa. Naomba kura yangu."

Mnong'ono ulipita ukumbini kama upepo kwenye mahindi makavu. Mtu mmoja wa upande wa Orrin alipaza sauti, "Huna aibu, mama?" Majina yakaitwa upya. Safari hii alisema hapana, akakaa. Kura zikawa sare, na sare maana yake muswada umeanguka.

Chadbourne alitaka kumkumbatia. Alimsukuma kwa kiwiko.

Gazeti liliandika habari za mjane aliyekaa na maiti. Watu wakaja na magari kupiga picha zizi la Stackpole. Siku ya mazishi Delphine alisimama nje ya uzio, kwenye theluji, kwa sababu mlangoni ndugu wa Orrin alimnyooshea mkono wa kumrudisha. Kanisa lake lilimpelekea maua, makubwa, yenye utepe. Aliyaacha barazani yakaganda, yakawa meusi.

Kliniki ilifungwa kabla barafu ya mtoni haijapasuka. Muuguzi alihamia kwingine. Wanawake wetu sasa wanapanda mlima, wa vipimo na wa mengine, na wapo wasiopanda. Watoto waliozaliwa mwaka ule Tasker wapo pia, utawakuta shuleni wakicheza, na hakuna awezaye kukuonyesha yupi ni wa kura ile. Delphine aliwatazama sana, watu wanasema, wakati wa kutoka shule, akiwa ndani ya gari lake. Hakuonekana kama mtu aliyeshinda.

Bungeni hakurudi. Hakukubali tena kutegewa kitendawili, wala wajukuu wake hawakumsikia akitegua.

Ila kuna asubuhi moja, mwishoni mwa baridi ile, alifungua mlango akaikuta sufuria yake ya supu kwenye ngazi. Ilikuwa imesuguliwa mpaka inang'aa, kifuniko juu. Nyayo zilikuja kutoka barabarani mpaka kwenye ngazi, zikageuka hapohapo, zikarudi. Hazikuukaribia mlango. Delphine alisimama na nguo ya kulalia akizitazama, mpaka theluji mpya ikaanza kuanguka na kuzijaza.